Nyasi Kwanza, Mitishamba Baadaye: Deni Letu kwa Farasi na Punda

Wahenga walisema kuwa fadhila ya punda ni mateke. Methali hiyo imezoeleka mno vinywani mwetu hata hatujiulizi tena ni nani hasa aliyetangulia kupiga teke. Sisi tuvaao sare, ambao kazi yetu ni kupima ushahidi kabla ya kutoa hukumu, yatupasa kuirudia kesi hiyo. Mnyama aliyebeba maji yetu, kuni zetu na unga wetu, kisha akaangushwa na maumivu ya tumbo kwa ajili ya chakula tulichompa kwa mikono yetu wenyewe, huyo hakutupiga teke. Sisi ndio tuliompiga yeye.

Leo twapenda kuzungumza na maafande na askari wa ngazi zote, wa jeshi na wa polisi, juu ya tumbo la farasi na la punda. Huenda wako watakaocheka na kuuliza: katika Kampala hii ya magari na bodaboda, farasi watoka wapi? Swali hilo ni halali. Farasi nchini Uganda ni wachache, na wale waonekanao karibu na mji mkuu, kama walioko Munyonyo kando ya Ziwa Viktoria, ni wa kupandwa kwa mafunzo na burudani. Lakini punda yupo, naye si wa burudani. Karamoja yupo, Kapchorwa yupo, Bukwo yupo, na katika miteremko ya Mlima Elgon hupita na mizigo mahali ambapo gari hukata tamaa. Askari apangiwaye kazi katika sehemu hizo, leo au kesho, atakutana naye. Na tumbo la punda limeumbwa kwa mtindo ule ule wa tumbo la farasi, hivyo ajifunzaye habari za mmoja amejifunza sehemu kubwa ya habari za mwingine.

Historia ya vita katika Afrika ya Mashariki inatupa onyo kali. Mwezi wa Agosti 1914 walowezi wa Nairobi waliunda kikosi cha wapanda farasi kilichoitwa East African Mounted Rifles, nacho kilipigana Longido mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alileta wapanda farasi wengi kutoka Afrika Kusini, na mwezi wa Aprili Jenerali van Deventer aliwaongoza wengi wao hadi Kondoa Irangi katikati ya mvua za masika. Farasi walikufa njiani kwa wingi wa kutisha. Waliuawa na mbung'o aletaye nagana, wakauawa na maradhi ya farasi ya Afrika, wakauawa na njaa na uchovu. Wapanda farasi wakageuka kuwa waenda kwa miguu. Na mzigo ulioanguka kutoka migongoni mwa wanyama uliangukia mabega ya wapagazi Waafrika, ambao makumi ya maelfu yao walikufa katika vita vile. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam lakumbusha kikosi cha wapagazi hao hata leo.

Hatudai kuwa nyasi nzuri zingewaponya farasi wale mbung'o. La. Tunalodai ni hili: jemadari aingiapo vitani na mnyama, bila kujua mnyama huyo ahitaji nini na nchi ile ina nini, huwa ameandika hesabu ambayo italipwa na mtu mwingine, na mara nyingi mlipaji ni mnyonge.

Nasi pia tunalo kosa letu la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, tungali maofisa wachanga kutoka chuo cha makadeti, tulikuwa katika kituo kimoja kidogo huko Karamoja kilichokuwa na punda wa kubebea majerikani ya maji. Siku moja punda huyo alikwenda kisimani mara mbili juani, akarudi jioni bila ya kuwa amekula kitu. Askari walimwonea huruma, na kwa kuwa posho ilikuwa imefika, wakamwekea beseni zima la mahindi makavu. Sisi tuliona, tukaona kuwa ni jambo jema. Usiku punda alisimama peke yake, kichwa chini, asile wala asinywe. Mmoja wetu akasema apewe dawa ya mitishamba. Majani yakachemshwa, punda akainuliwa kichwa, akamiminiwa chupa nzima kooni kwa nguvu. Alikohoa sana. Kulipokucha alikuwa amekufa.

Mzee mmoja mfugaji, aliyekuja kuona kilichotokea, hakutukemea. Alitueleza tu kwa upole kwamba tulimpa punda chakula chetu badala ya kumpa chakula chake. Chuoni tulifundishwa kuwa silaha isiyotunzwa humgeuka mwenyewe, na kila sehemu ya bunduki tuliijua kwa jina lake. Lakini kiumbe aliyetuletea maji ya kunywa hatukujua hata tumbo lake hufanya kazi namna gani. Ndiyo maana tunaandika.

Basi yafaa ifahamike kwanza kwamba farasi si ng'ombe. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, naye hucheua. Farasi ana tumbo moja dogo, ambalo kwa farasi mkubwa huchukua kiasi cha lita 8 hadi 15 tu. Tumbo hilo hutoa asidi usiku na mchana, awe amekula au hakula, ilhali mate yanayopoza asidi hiyo hutoka wakati wa kutafuna tu. Farasi aachiwaye malishoni hula kidogo kidogo kwa saa nyingi, pengine saa 16 katika siku moja. Afungwaye bandani na kulishwa mara mbili kwa siku huachwa na asidi ikimla kuta za tumbo, akapata vidonda. Zaidi ya hayo, farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite mbele, na kama njia imeziba au gesi imejaa, tumbo laweza kupasuka.

Kiwanda chenyewe kimo nyuma, katika utumbo mkubwa. Humo mna bakteria na vijidudu vingine visivyohesabika, ambavyo huvunja nyuzi za nyasi na kuzigeuza kuwa nguvu ya mnyama. Vijidudu hivyo vimezoea nyasi. Mnyama akipewa nafaka nyingi kwa ghafula, wanga usiomalizika katika utumbo mdogo hufurika hadi nyuma, asidi ikazidi, vijidudu vyema vikafa na sumu zikaachiliwa. Hapo ndipo huja msokoto wa tumbo, na pengine uvimbe wa ndani ya kwato umwachao mnyama kilema. Lile beseni la mahindi halikuwa huruma, bali bomu lililotegwa katika kiwanda hicho.

Kwa hiyo lishe ya asili ya farasi ni nyasi, maji na chumvi. Mengine yote ni nyongeza. Farasi wa kilo 450 huhitaji kiasi cha kilo 9 za chakula kikavu kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo iwe nyasi. Nyasi mbichi zimejaa maji, hivyo ili kufikia kipimo hicho yahitajika karibu kilo 40. Punda hutosheka na kidogo zaidi kwa uzito wake, tena huyaweza majani magumu na mabua. Maji ya farasi ni lita 25 hadi 45 kwa siku, na huzidi wakati wa jua na kazi. Nafaka, ikiwa ni lazima kwa sababu ya kazi nzito, isizidi kilo 2 kwa mlo mmoja wa farasi mkubwa, na badiliko lolote la chakula lifanywe polepole kwa muda wa siku 7 hadi 14.

Katika nchi yetu ya kijani mtu aweza kudhani kuwa kila nyasi ni chakula. Sivyo. Yale majani marefu ya tembo, ambayo Waganda huyaita ebisagazi na ambayo ng'ombe wetu huyapenda, yana kiasi kikubwa cha oksaleti, chumvi inayoifunga kalsiamu isiingie mwilini. Ng'ombe ana vijidudu vya kuivunja chumvi hiyo katika tumbo lake la kwanza. Farasi hana msaada huo. Akilishwa majani hayo peke yake kwa miezi mingi, mwili wake huanza kuazima kalsiamu kutoka mifupani. Mifupa ya uso huvimba, naye huchechemea. Pumba nazo huongeza ubaya huo, kwani zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Huko Ulaya zamani ugonjwa huo uliitwa ugonjwa wa wasaga unga, kwa kuwa farasi wao ndio waliokula pumba kupita kiasi. Sisi wa Kampala, wenye mashine za Kisenyi zisagazo mahindi usiku na mchana, tuzingatie historia hiyo kabla ya kujaza gunia la pumba za bei rahisi.

Dawa ya jambo hilo si ngumu. Zipandwe nyasi za Rhodes, ambazo ni za bara letu hili na zina oksaleti kidogo. Zikatwe na kukaushwa vizuri kwa ajili ya kiangazi. Majani ya lusini yenye kalsiamu nyingi yaongezwe kwa kiasi, au chokaa ya mifugo kwa kipimo cha daktari. Chochote chenye ukungu, kiwe mahindi au majani makavu, kitupwe. Kuna ukungu wa mahindi ambao hushambulia ubongo wa farasi na wa punda, na ugonjwa huo ukishaanza hauna tiba.

Tuongeze maonyo mawili ambayo askari aweza kuyakosa kwa kudhani kuwa mnyama ni mnyama. La kwanza ni chakula cha kuku na cha ng'ombe kinachouzwa madukani. Baadhi yake hutiwa monensini, dawa inayowafaa kuku na ng'ombe lakini inayoua misuli ya moyo wa farasi. La pili ni dawa ya kupe iitwayo amitrazi, ambayo hutumika sana katika nchi yetu kunyunyizia ng'ombe. Farasi akinyunyiziwa dawa hiyo, mwendo wa utumbo wake waweza kusimama na mavi yakakwama ndani. Mtu aweza kutafuta chanzo katika chakula siku nzima, kumbe sumu iliingilia ngozini.

Na tusisahau kaveera. Maganda ya matooke kutoka jikoni yaweza kuliwa kwa kiasi yakiwa mabichi na safi, lakini yakianza kuchacha huleta gesi, na mifuko ya plastiki iliyochanganyika nayo huziba utumbo. Watu wa Lamu wanalijua jambo hilo vizuri. Katika mji ule wa kale, ambao mizigo yake imebebwa na punda kwa karne nyingi, zahanati ya punda ilifunguliwa mwaka 1987, na mifuko iliyoliwa majalalani ni moja ya mambo yanayowaletea punda msokoto wa tumbo.

Sasa tuje kwenye mitishamba, maana hapo ndipo penye mabishano. Wako wasemao kuwa kila jani chungu ni dawa, na wako wasemao kuwa yote ni ushirikina. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Mwezi wa Novemba 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, mtafiti Michael Huffman na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, mwenyeji wa kabila la Watongwe, walimfuata sokwe jike aliyekuwa mgonjwa. Walimwona akivunja matawi machanga ya mti mchungu ambao Waganda huuita omululuza, akamenya ganda la nje, akatafuna ute wa ndani na kutema nyuzi. Siku iliyofuata alikuwa na nafuu. Mzee Mohamedi aliujua mti huo tangu zamani, kwa kuwa Watongwe nao huutumia kwa maradhi ya tumbo. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 1989 kwa majina ya wote wawili, na ukafungua mlango wa utafiti mwingi. Elimu ya wazee wetu, basi, si ya kudharauliwa.

Lakini mtu asiishie hapo. Tazama alichokifanya sokwe yule: hakula majani, ambayo yana sumu zaidi. Alichagua sehemu, akachukua kidogo, akaacha. Hata sokwe alijua kipimo. Sisi tulichemsha majani tusiyoyapima, tukayamimina kooni mwa punda aliyekuwa na utumbo uliojaa mahindi. Sokwe alitushinda busara.

Tena dawa ya mtu si lazima iwe dawa ya farasi. Majani ya mparachichi, ambayo watu wengi mjini Kampala huyachemsha na kuyanywa, ni sumu kwa farasi. Kitunguu saumu kingi, kikilishwa siku baada ya siku, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Shubiri, ambayo majeshi ya farasi ya Ulaya yaliitumia zamani kama dawa ya kuharisha, ilikuwa na nguvu ya kumharisha mnyama hata kufa ikizidi kipimo. Mbono ni sumu kabisa. Na dawa yoyote ya maji, hata iwe njema namna gani, ikimiminwa kwa chupa katika koo la mnyama mgonjwa yaweza kuingia mapafuni. Daktari wa mifugo hupitisha mpira mwembamba kwa njia ya pua hadi tumboni, naye amefundishwa kazi hiyo kwa miaka.

Maoni yetu, kwa hiyo, ni kwamba mitishamba ina nafasi yake, nayo ni nafasi ya pili. Mimea ya harufu nzuri kama mnanaa yaweza kutiwa kidogo katika chakula cha mnyama mzima. Lakini hakuna jani liwezalo kusimama mahali pa nyasi, maji na dawa ya minyoo iliyopimwa. Nchi yetu ina wataalamu: Makerere kuna chuo cha udaktari wa wanyama, na pale Wandegeya serikali ina taasisi ya kuchunguza dawa za asili. Kama kikosi kimeona kwa wafugaji jani liletalo nafuu, jina lake liandikwe, na sehemu itumikayo na kipimo chake pia, kisha lipelekwe kwa wataalamu lichunguzwe. Hivyo ndivyo elimu ya mzee mmoja iwezavyo kuwa elimu ya taifa, kama ilivyokuwa kwa Mzee Mohamedi.

Wako watakaotuambia kuwa askari mwenyewe ana shida zake za posho na makazi, na kwamba kuhangaikia punda ni anasa. Tunaiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa shida hizo tunazijua. Hata hivyo, mengi tuliyoyataja hayahitaji fedha. Kumwachia mnyama ale nyasi kabla na baada ya kazi hakuna gharama. Kumnywesha mara kwa mara hakuna gharama. Kuacha kumpa beseni la mahindi ni kuokoa mahindi. Gharama ni pale mnyama afapo, na kesho yake askari sita wabebe majerikani aliyokuwa akiyabeba yeye.

Lililo muhimu ni kwamba kila kituo chenye mnyama wa kazi kiwe na askari mmoja aliyekabidhiwa dhamana yake kwa jina, mwenye daftari la chakula, maji, dawa na mavi. Ndiyo, na mavi, kwa maana hayo ni ripoti ya kila siku itokayo utumboni. Askari huyo ajue dalili za hatari: mnyama kutazama ubavu wake, kuparapara ardhi, kulala na kuinuka, kujibiringisha, kutoka jasho bila kazi, kutokunya. Ajue kupima mapigo ya moyo chini ya taya kwa saa yake ya mkononi. Farasi aliyetulia huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, punda huzidi kidogo, na yakipita 60 jambo ni zito. Ajue pia kuwa punda huficha maumivu. Punda asiyejibiringisha, bali amesimama kimya na kukataa chakula, aweza kuwa katika hatari kubwa, na akikaa siku nzima bila kula, mafuta hufurika katika damu yake na kumwua hata kama tumbo lenyewe limepona.

Zikionekana dalili hizo, chakula kiondolewe, daktari wa mifugo wa wilaya aitwe mara moja, na mnyama atembezwe polepole ikiwa anaweza. Asimiminiwe kitu chochote. Kama amri hiyo moja tu ingalijulikana katika kituo chetu usiku ule, pengine punda yule angaliiona asubuhi.

Sisi askari tuna desturi ya kuwakumbuka waliotumika pamoja nasi. Punda yule hakuwa na namba wala cheo, na hakuna bendera iliyoshushwa kwa ajili yake. Alituletea maji kila siku, nasi tukamlipa kwa ujinga. Deni hilo haliwezi kulipwa kwake tena, lakini laweza kulipwa kwa wenzake walioko Karamoja na Elgon asubuhi hii, wakingoja kutandikwa. Walishwe nyasi kwanza.